Mapipa Matatu ya Mjerumani wa Chilangala

Nilirudi Chilangala Oktoba 2023 nikiwa na mabegi mawili, koti zito la baridi na tabia ya kutenganisha taka. Mabegi yaliisha siku ile ile, yalipokewa na watu wenye uzoefu wa kupokea mabegi. Koti analo mjomba. Tabia ndiyo niliyobaki nayo, na ndiyo iliyoniaibisha.

Kule Leipzig, Ujerumani, nilikokaa miaka kumi na moja, taka zina kabila. Karatasi ni za pipa la bluu, plastiki la njano, maganda ya viazi la kahawia. Ukizichanganya, jirani wa ghorofa ya chini, ambaye hajakuitikia salamu tangu uhamie, atapanda ngazi kuja kukujulisha. Mimi jina la jirani yangu nililijua siku niliyotupa ganda la ndizi kwenye karatasi. Kabla ya hapo tulikuwa tumeishi nyumba moja miaka miwili.

Basi wiki ya kwanza tu nikaenda Newala mjini, nikanunua mapipa matatu ya plastiki yenye mifuniko. La bluu, la njano, na la kahawia likakosekana, nikachukua jekundu. Dereva wa bodaboda aliyabeba yote matatu kwa safari moja, na mimi juu yake, kwa hesabu ambayo Wajerumani hawajaifikia. Nikamkalisha mama chini ya mkorosho, nikashika kijiti kama mwalimu wa darasa la tatu, nikaeleza: hili la karatasi, hili la plastiki, hili la vinavyooza.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Hapo ningepaswa kushtuka. Mama yangu hasikilizi mtu mpaka mwisho, hata shehe wa msikitini.

"Mwanangu," akasema, "Mungu akuzidishie. Umeona mbali."

Asubuhi nikakuta mapipa yote matatu yamepangwa ukutani, yamefunikwa vizuri, na kila moja limejaa maji pomoni. Bomba la jirani lilikuwa limetoa maji usiku. Binamu zangu walikuwa wamekesha.

"Na taka?" nikauliza.

"Taka gani?"

Nikazunguka uani kutafuta ushahidi. Maganda ya muhogo yalikuwa yakiliwa na mbuzi wawili ambao hawakuhitaji semina. Karatasi zilikuwa zimeshachukuliwa na muuza karanga, anazikunja pembe za kupimia. Chupa za plastiki zimejaa mafuta ya taa, mafuta ya alizeti, na moja kitu cha baba mdogo kinachotokana na mabibo, ambacho sikuulizia. Dumu lililopasuka lilikuwa limekatwa, nusu ya chini wananywea kuku, nusu ya juu ni faneli. Kopo la maziwa niliyoyaleta mwenyewe juzi lilikuwa limeshapata ajira ya kupimia mbaazi. Katika ua ule mzima, kisichokuwa na kazi ya pili nilikuwa mimi, na hata ile ya kwanza sikuwa nayo.

Tangu siku hiyo naitwa Njerumani. Kwetu huku "m" ikikutana na konsonanti mbele yake tunaigeuza "n", ndiyo maana tunatoka Ntwara na tunaishi na watu wanaoitwa "ntu". Nimeshaitwa majina mabaya zaidi.

Sasa niwaambie kinachonikera hasa, maana safu hii hailipi lakini inapunguza presha. Kinachonikera ni kwamba nimekuwa mwongo wa pande mbili.

Kule Leipzig nilikuwa nafanya kazi kwenye tanuri la mikate. Tulianza saa nane usiku, na saa kumi na moja alfajiri tunapumzika, tunakunywa kahawa, na wenzangu wananiuliza: kwenu kukoje? Hapo ndipo nilipokuwa balozi wa Newala bila barua ya uteuzi. Niliwaeleza Shimo la Mungu, jinsi unavyosimama ukingoni mwa Newala na ardhi ikakatika ghafla, ukaona bonde la Ruvuma limetandazwa chini yako kama jamvi, na ukungu, na kule ng'ambo Msumbiji. Niliwaeleza mabibo yanavyonukia Oktoba, ming'oko ya kuchemsha, kisamvu cha nazi. Nikawaambia kwetu hakuna baridi. Mama yangu wakati huo huo, mwezi Julai, yuko jikoni na sweta mbili na kitenge kichwani, maana upepo wa uwanda wetu haumheshimu mtu. Niliwaambia kwetu mtu akipita anakaribishwa kula. Hilo ni kweli. Sikuwaambia habari ya maji. Miaka kumi na moja sikutaja neno maji hata mara moja.

Nimerudi huku, nimegeuka balozi wa Leipzig. Kijiweni nasema: kule treni inafika dakika iliyoandikwa. Vijana wanatikisa vichwa. Uongo mtupu! Usiku mmoja wa Desemba nilisimama kituoni saa mbili nzima, ubao ukiandika imechelewa dakika kumi, halafu ishirini, halafu arobaini na tano, mpaka vidole vikawa si vyangu. Nasema kule daktari anakuona kwa wakati. Ndiyo, anakuona kwa wakati uliopangwa, na umepangiwa mwezi wa tatu wakati jino linauma mwezi wa kwanza. Nasema kule hakuna kelele. Hilo ni kweli, Jumapili hata kupigilia msumari ukutani ni kosa, na mimi Jumapili za kule nilikuwa nawasha redio polepole, nalia.

Kwa hiyo kila nchi naipenda nikiwa nimeshaondoka.

Chukua salamu. Wiki yangu ya kwanza Leipzig, mwaka 2012, nilipanda treni ya mjini asubuhi nikawasalimia abiria wote, behewa zima, kama nilivyolelewa. Mama mmoja akasogeza mkoba wake. Wengine wakatazama madirisha, ingawa nje kulikuwa na giza. Niliumia, nikampigia mama simu nikamwambia huku watu hawana utu. Baada ya miaka kumi na moja nimerudi, na sasa kutoka nyumbani hadi barabarani, mwendo wa dakika nne, natumia dakika thelathini na tano. Umeamkaje, wa nyumbani wameamkaje, mama mguu wake, mjomba kikohozi chake, korosho zinasemaje, na Ulaya wanasemaje. Ulaya hawasemi kitu, shangazi, ndiyo tabia yao. Halafu mita kumi mbele nakutana na mumewe, naanza upya. Nimejikuta natazama saa wakati mzee wa miaka themanini ananiuliza hali ya mama yangu. Nilijiona. Hata yeye aliniona.

Au chukua wageni. Kule mtu hatembelewi bila miadi. Rafiki anakwambia tuonane, anatoa kalenda, mnakubaliana Alhamisi ya wiki ya pili, saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja. Nililaani jambo lile kwa lugha zote tatu ninazozijua. Na nilipofika hapa, baada ya siku tisa za kuamshwa kila alfajiri, niliwatangazia ndugu kwa heshima zote: jamani, kabla mtu hajaja, anipigie.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi shangazi yuko mlangoni na sinia la mihogo.

"Shangazi, shikamoo. Si tulisema upige kwanza?"

"Marahaba. Nimepiga."

"Simu yangu haikuita."

"Nimepiga hodi mara tatu, baba. Ulitaka nivunje mlango?"

Mihogo ilikuwa mizuri. Nilikula nusu ya sinia nikiwa nimenuna.

Mtaniuliza, kama kule kulikuwa hivyo na huku ni hivi, hicho ulichojifunza ni nini? Ngoja niwape kisa kimoja ambacho sijakisimulia kijiweni, kwa sababu kijiweni wanacheka mapema.

Mwaka 1906 alikuja huku Mjerumani mmoja, Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig. Vita vya Majimaji vilikuwa vimewaka mwaka uliotangulia. Akafika Masasi, akapanda uwandani, akakaa Newala, akiuliza maswali, akipiga picha, akinasa nyimbo kwa mashine ya silinda za nta, na akilalamikia upepo wetu. Kuhusu upepo namuunga mkono. Akakusanya vitu, mizigo kwa mizigo ikateremshwa pwani vichwani mwa wapagazi, ikapanda meli. Mwaka 1908 akachapisha kitabu cha safari hiyo.

Mimi habari hizo sikuzijua. Nilikuwa kule mwaka wa nne, Jumapili moja ya mvua, nikaingia makumbusho kwa sababu moja tu, ndani kulikuwa na joto. Nikapita vyumba, nikapinda kona, nikakutana uso kwa uso na lipiko, kinyago chetu cha jando. Mimi nimechezwa jando, najua ninachokisema na ninachokinyamazia. Utotoni lipiko likitokea mchangani, ngoma imekolea, sisi watoto tulitawanyika kama vifaranga walioona mwewe, kwa sababu yule hakuwa mtu aliyevaa kitu. Alikuwa yeye. Sasa yuko ndani ya kioo, amening'inizwa kwa uzi mwembamba, taa imemulikwa mpaka upande wa ndani unaonekana, ule ambao mwanamke wala mtoto asiyechezwa hapaswi kuuona, na mbele yake kuna watoto wa darasa la pili wanachora kwa kalamu za rangi. Msichana mmoja mdogo alimchora na masikio ya sungura.

Miguu yangu ilitaka kukimbia. Naapa. Mtu mzima, nimelipa kiingilio. Badala yake nikasogea, nikasogea, mpaka pua ikagusa kioo, na nilipoondoka mhudumu akaja na kitambaa akafuta alama ya pua yangu.

Baadaye nikakitafuta kile kitabu cha Weule. Ndani yake nikakuta hadithi ya asili yetu Wamakonde. Kwamba hapo mwanzo alikuwepo mtu mmoja porini, haogi, hali sana, hanywi sana. Akachonga sanamu ya mwanamke kwa mti, akaisimamisha nyumbani kwake, usiku ikageuka mwanamke wa kweli. Wakateremka Ruvuma kuoga, mwanamke akajifungua, mtoto akazaliwa mfu. Wakahama hadi bonde la Mbwemkuru, wa pili naye mfu. Wakapanda juu uwandani, Mahuta, wa tatu akaishi, na wengine wakafuata. Ndipo yule babu akaagiza: kaeni juu, msikae karibu na maji.

Hadithi hiyo bibi yangu alinisimulia nikiwa na miaka sita, anabangua korosho. Nimesafiri mpaka Leipzig kusoma hadithi ya bibi yangu kwa Kijerumani.

Niliporudi nilimsimulia mama, nikiwa na fahari, nikidhani nampa zawadi. Mama alikuwa anateka kutoka pipa la njano.

"Hao walioamua tukae juu," akasema, "walikuwa wanaume. Ndoo walikuwa hawabebi."

Alizungumza kama mtu anayesubiri kuulizwa tangu ujana wake. Mama alikuwa msichana zama za kushuka bondeni usiku na kupanda alfajiri na mtungi. Siku hizi maji ya uwanda wetu yanasukumwa kwa mashine kutoka visima vya kule Mitema, bondeni Kitangari, yanapandishwa mlima hadi kwetu. Yanakuja, yanapumzika, yanakuja tena. Mimi kule Leipzig nilikuwa nafungua bomba la maji moto na kuliacha litiririke huku nikitafuta sabuni. Kila nikikumbuka hilo, natazama mifuniko ya mapipa kama iko sawa.

Nimeyaacha ya korosho mwishoni kwa sababu yamenigombanisha na mjomba, na kwetu huku mtu anaweza kugombana na baba akaishi, lakini mjomba ndiye mwenye neno.

Kosa ni langu. Tumekaa jioni, msimu umeanza, magunia yamepangwa barazani yakisubiri kupelekwa ghala la chama cha msingi, na mjomba akauliza kwa upole tu: "Mpwa, kule korosho wanazijua?"

Nikasema wanazijua sana.

"Wanauziana shilingi ngapi?"

Hapo mtu mwenye akili angebadilisha mazungumzo. Mimi nikasema kweli, kwa mara ya kwanza tangu nirudi. Nikamwambia dukani chini ya nyumba yangu walikuwa na pakiti ya gramu 200, zimeshabanguliwa, zimetiwa chumvi, nyeupe pe, nzima nzima, kwa euro tatu na nusu. Nyuma imeandikwa Vietnam. Nikamwambia nilikuwa nainunua, mimi mtoto wa Chilangala, nakula chumbani peke yangu, najiuliza kama ni ya mti wetu. Maana korosho zetu nyingi huondoka na maganda yake, zinakwenda India na Vietnam kubanguliwa, halafu ndiyo zinaanza kuitwa chakula.

Mjomba ameishia darasa la saba la zamani, lile lililofundisha hesabu. Akachukua mkaa. Euro tatu na nusu ni kama shilingi 9,000. Pakiti tano ndiyo kilo, 45,000. Kupata kilo moja ya korosho safi unahitaji ghafi kama kilo tano. Akachukua bei anayoikumbuka vizuri, ile ya 2018, Rais Magufuli alipowakatalia wanunuzi, akatuma jeshi na malori, serikali ikatangaza shilingi 3,300 kwa kilo. Mara tano, 16,500. Akatoa. Akapiga mstari chini.

"Shilingi 28,500," akasema. "Hizi zinakaa wapi?"

Nikamweleza habari ya meli, ya bandari, ya mashine, ya umeme, ya mishahara, ya duka na kodi. Nikamkumbusha viwanda vya kubangua vilivyojengwa huku kusini enzi za Mwalimu, vingi vikaishia kuwa maghala. Alisikiliza mpaka mwisho. Sijui kwa nini familia hii ikiamua kunisikiliza mpaka mwisho huwa nimekwisha.

"Sawa. Lakini wewe ulikuwa kule miaka kumi na moja."

"Ndiyo, mjomba."

"Umeziona."

"Nimeona bei, mjomba."

Siku tatu hakugusa gunia. Siku ya nne alisimama kwenye mkutano wa chama akaomba nafasi, akasema ana mpwa shahidi. Watu sitini waligeuka kunitazama, na nikaona machoni mwao kwamba wanadhani zile 28,500 ninazo mimi, za kila kilo, za miaka kumi na moja. Tangu hapo nikinunua soda nawaona wanakadiria.

Hapo ndipo ninapowakumbuka wenzetu wa ng'ambo ya Ruvuma. Tangu 1979 Msumbiji ilipeleka vijana wake kwa maelfu kufanya kazi viwandani Ujerumani Mashariki, sehemu ya mishahara yao ikikatwa, wakaambiwa wataipata nyumbani. Mwaka 1989 ukuta wa Berlin ukaanguka, wakarudishwa, na fedha hawakuziona kama walivyoahidiwa. Wanaitwa Madgermanes, na wameandamana Maputo miaka nenda rudi, wengine wakipeperusha bendera ya nchi ambayo haipo tena. Nilikuwa nikiwaona kwenye televisheni nawashangaa. Siku hizi nawaelewa vizuri sana, isipokuwa wao wanadai, na mimi nadaiwa.

Mjomba tumepatana mwezi uliopita, baada ya mimi kukubali kwamba koti ni lake moja kwa moja na sitaliulizia tena. Julai alilivaa kupulizia salfa mikorosho, koti la mjini Leipzig, sasa lina rangi ya manjano na harufu ya kiberiti, na amesema ni nguo bora kuliko zote alizowahi kuwa nazo. Mama mapipa yake anayo. Mvua zilipoanza, binamu aliyapanga chini ya mfereji wa bati, jekundu likajaa kwanza, bluu likafuata, na la njano likagundulika lina ufa chini. Shangazi ameliziba kwa utomvu na kipande cha kandambili, lakini haliaminiki.

Kwa hiyo yeyote anayepanda basi la Newala wiki hii kutoka Dar au Mtwara, mama wa Njerumani wa Chilangala anaomba pipa la nne, lita mia, lenye mfuniko unaobana. Rangi yoyote. Nauli ya mzigo tutalipa hapa stendi, na ukifika usipige simu, piga hodi.